Soitsambu: Anayedharauliwa naye ana wa kumdharau

Kutoka Karatu hadi Soitsambu gari hupita katika nchi ambayo wageni huilipia kwa dola. Linapanda lango la Lodoare, linafuata ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, linateremka kwenye tambarare za Olduvai, linaingia Serengeti na kutokea kaskazini kwenye lango la Klein. Baada ya hapo ni Ololosokwan, kisha Soitsambu, kata ya tarafa ya Loliondo isiyo mbali na mpaka wa Kenya. Wengine huja kwa njia ya chini: Mto wa Mbu, Engaruka, Ngare Sero, kando ya Ziwa Natron, hadi kipande cha Sale na Waso ambacho sasa kina lami.

Osoit kwa Kimaa ni jiwe, na mawe hapa hayakosekani. Ni nchi ya nyanda za nyasi, migunga na vilima, yenye boma zilizozungushiwa ua wa miiba. Asubuhi ng'ombe hutoka kwa mlio wa kengele, mbuzi na kondoo hufuata pamoja na watoto, na akina mama hushika njia ya maji na kuni. Mgeni anayefika kwa mara ya kwanza huona watu wa aina moja tu: shuka nyekundu, fimbo na shanga. Hupiga picha, husema ameona Wamasai, na kuendelea na safari.

Aliyezaliwa hapa haoni hivyo. Huona ukoo, rika na olosho, yaani kundi kubwa la Kimasai ambalo mtu anatoka. Anajua nani ana ng'ombe na nani hana, binti wa nani huolewa na nani, na nani haoi kwa nani. Ndani ya shuka zile zile nyekundu kuna ngazi, na kila anayesimama juu yake ana mtu wa kumtazama chini.

Mkuki na aliyeufua

Kwa vizazi vingi morani wa Kimasai alijulikana kwa mkuki wake. Mkuki huo hakuutengeneza mwenyewe. Uliufuliwa na mkunono, mhunzi, aliyeketi mbele ya mivukuto na makaa, akageuza chuma kuwa mkuki, simi, kisu au kengele ya ng'ombe. Bila ilkunono, morani angekuwa na fimbo tu.

Hata hivyo mhunzi aliwekwa chini. Kwa desturi, Wamasai wengine hawakuoa kwao wala kuwaoza binti zao. Wageni walioandika habari za Wamasai zaidi ya miaka 100 iliyopita walisimulia kwamba mtu aliyepokea chuma kutoka mkononi mwa mhunzi alijipaka kwanza mafuta mkononi, asije akachafuka. Sababu iliyotolewa ni kwamba Mungu amekataza kumwaga damu, na anayefua silaha huwashawishi watu waimwage. Lakini morani aliyeutumia mkuki huo huo aliimbiwa na kusifiwa. Lawama ilibaki kwa aliyeufua, na sifa ikaenda kwa aliyeurusha.

Wapo pia iltorobo, watu wa msituni walioishi kwa uwindaji na asali. Jina lenyewe kwa Kimaa linabeba maana ya fukara, mtu asiye na ng'ombe. Asali yao ndiyo iliyotengeneza pombe ya sherehe. Zaidi ya hapo, mara nyingi ngariba aliyewatahiri vijana wa Kimasai alikuwa mtorobo. Yaani mtu aliyehesabiwa si mtu kamili ndiye aliyeshika kisu kilichomfanya kijana awe mtu mzima. Katika Kiswahili leo ndorobo ni jina la mdudu, yule mbung'o anayeuma watu na mifugo.

Hali hiyo si ya Wamasai peke yao. Upande wa Karatu, huko Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi, magari ya watalii husimama kila siku kwa wahunzi wa Kidatoga. Wageni hulipa wamwone fundi akiyeyusha chuma na kufua bangili, kisha wanazinunua. Kwa desturi ya Wadatoga wenyewe, wahunzi hao nao ni watu wa pembeni ambao wengine hawakuoana nao. Kazi moja, mikono ile ile: kwa mgeni ni ufundi wa kupigiwa picha, kwa jirani ni sababu ya kumnyima mtu mke.

Hadithi ya ukanda wa ngozi

Kila mwenye nafasi huwa na hadithi inayoeleza kwa nini nafasi hiyo ni yake. Wamasai wana masimulizi maarufu kwamba Enkai, Mungu, aliwateremshia ng'ombe kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi. Katika simulizi hiyo, mtorobo alipoona ng'ombe wote wanakwenda kwa mwenzake alikasirika na kuukata ukanda, na tangu hapo ng'ombe hawakushuka tena.

Mtoto anayeisikia kando ya moto akiwa na miaka mitano anajifunza mambo mawili kwa mpigo. La kwanza ni kwamba ng'ombe ni zawadi ya Mungu kwa watu wake, wala si bahati ya malisho na kazi ya wazee. La pili ni kwamba asiye na ng'ombe amejitakia, kwa wivu wake. Hakuna aliyemfundisha kuchukia. Amefundishwa tu kwamba mambo yamekaa kama yanavyopaswa kukaa.

Mwanasosholojia wa Marekani, Herbert Blumer, aliliandika jambo hili mwaka 1958 akiwaza juu ya Wazungu na weusi wa nchini kwake. Alisema ubaguzi hauanzii katika chuki ya mtu mmoja moyoni mwake, bali katika jinsi kundi linavyoiona nafasi yake mbele ya kundi jingine. Alitaja hisia nne: kundi hujiona bora, huona wengine wameumbwa tofauti, huamini kwamba kuna vitu ni haki yake peke yake, na huogopa kwamba walio chini wanavitamani vitu hivyo.

Hisia tatu za kwanza zinaweza kukaa na tabasamu. Mwenye ng'ombe 200 anaweza kumpa mhunzi maziwa, kumlipa mbuzi kwa kazi yake na kumwulizia hali ya watoto. Watu watasema ni mwema, na ni kweli. Ya nne ndiyo huonyesha kilichokuwa kimejificha. Siku kijana wa mhunzi anapotaka kumwoa binti yake, au anaposimama kugombea uongozi wa kijiji, wema ule hupimwa.

Majirani wa chemchemi

Mashariki ya Loliondo, kuelekea bonde la Natron, wanaishi Batemi, ambao majirani zao waliwaita Wasonjo na jina hilo likashika. Vijiji vyao, kama Digodigo na Samunge, viko chini ya milima penye chemchemi. Samunge ndiko taifa zima lilikokimbilia mwaka 2011 kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu wa Loliondo. Wengi waliopanga foleni huko hawakujua kwamba wako katika nchi ya wakulima ambao kwa vizazi vingi wamemwagilia mtama na viazi vitamu kwa mifereji waliyoichimba wenyewe.

Kwa mfugaji mwenye kiburi, mtu anayeinama na jembe ni wa daraja la chini. Kimaa kina neno olmeek, kwa wengi ilmeek, kwa asiye Mmasai, na neno hilo halikuwa la heshima. Baadaye waliitwa hivyo hata Wamasai wenyewe waliovaa suruali na kwenda shule. Kati ya Wamasai na Batemi pamekuwa na vita vya mifugo na mipaka, na pia miaka mingi ya biashara: nafaka huku, mbuzi kule.

Batemi nao wana ngazi yao. Maji ya mifereji yalisimamiwa na baraza la wazee wa kurithi, wenamiji, na asiye wa nyumba hizo alipata zamu yake kwa kuomba au kulipa. Na wahunzi na wafinyanzi wao, Waturi, kwa desturi waliwekwa kando katika ndoa. Mkulima anayedharauliwa kwa jembe naye alikuwa na mtu wa kumdharau kwa nyundo na chungu. Wahenga walisema nyani haoni kundule.

Ardhi inapopungua

Tarafa ya Loliondo ina iloshon tatu zinazotajwa zaidi: Wapurko, Waloita na Walaitayok. Walaitayok ni wachache kuliko wenzao. Lugha ni moja, desturi ni moja, na ndoa kati yao zipo. Ardhi ilipokuwa pana, tofauti hizo zilikuwa za nyimbo na utani.

Ardhi haikubaki pana. Mwaka 1959 Wamasai waliondolewa katika eneo lililokuwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na Ngorongoro ikatengwa kuwa hifadhi ya pamoja ya watu na wanyama. Mwaka 1984 ekari 10,000 katika kijiji cha Soitsambu zilipewa kiwanda cha bia cha serikali kwa ajili ya shayiri. Kilimo hicho hakikudumu, wafugaji wakaendelea kuchunga pale, lakini mwaka 2006 haki ya kulikalia shamba hilo, sasa likihesabiwa ekari 12,617, iliuzwa kwa mwekezaji wa utalii. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu nayo ilikuwa na kitalu Loliondo. Mwaka 2022 serikali iliweka mipaka ya kilomita za mraba 1,500, kati ya 4,000 za Pori Tengefu la Loliondo, na kuzifanya Pori la Akiba la Pololeti. Katika vurugu za Juni mwaka huo askari mmoja aliuawa na wananchi kadhaa wakajeruhiwa. Baadhi walivuka kwenda kutibiwa Kenya.

Katika miaka hiyo ya kubanwa, maneno ya zamani yalipata makali mapya. Kijiji kikubwa cha Soitsambu kiligawanyika, vikazaliwa vijiji vingine vikiwemo Sukenya na Mondorosi. Katika mzozo wa shamba, wenye idadi kubwa walishutumiwa kwamba wanataka kumeza kila kitu, na wachache wakashutumiwa kwamba wamejiuza kwa mwekezaji. Wapurko na Waloita wakaambiwa ni Wakenya, kwa kuwa ndugu zao wako Narok. Mstari wenyewe wa mpaka, kutoka Ziwa Victoria kuelekea Kilimanjaro, ulichorwa na Waingereza na Wajerumani kuanzia mwaka 1886 bila kuuliza boma hata moja.

Hapa ndipo maneno ya Blumer yanapoonekana kwa macho. Dharau haikupungua watu walipoonewa pamoja. Iliongezeka, kwa sababu kila kundi liliogopa kwamba kipande cha mwisho kitakwenda kwa jirani. Mwenye nafasi kubwa huilinda kwa utulivu, kwa sheria na ramani. Mwenye nafasi ndogo iliyobaki huilinda kwa maneno ya nani mwenyeji na nani mgeni. Maumivu hayamfundishi mtu huruma moja kwa moja. Wakati mwingine humfundisha tu kutafuta wa kumwangushia.

Ngazi iliyo juu ya Soitsambu

Ingekuwa rahisi kwa msomaji wa Arusha, Mwanza au Dar es Salaam kusoma habari hizi na kutikisa kichwa. Lakini juu ya Mmasai pia kuna ngazi, na wengi wa wasomaji wamesimama juu yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Tanzania changa iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache shuka na ngozi, wavae nguo za "kisasa". Walioipanga hawakujiona wabaguzi. Walijiona watu wa maendeleo wanaomsaidia mwenzao aliyechelewa. Suruali ilikuwa kipimo, na waliokwisha kuivaa ndio walioshika rula. Katika mijadala ya mwaka 2022 kuhusu Ngorongoro na kuhamia Msomera, Handeni, wafugaji walielezwa na baadhi ya watu kama waharibifu wa mazingira, ingawa wanyama hao wanaotafutwa na dunia nzima wameishi na ng'ombe zao kwa vizazi.

Kisha kuna lile la kila siku. Mlinzi wa geti anakaa miaka minne kwenye nyumba ile ile ya mjini. Anajua siku baba anapochelewa kurudi na siku mtoto anapoumwa. Nyumba nzima inamwita "Masai". Jina lake hakuna anayelijua. Msusi anayesuka rasta sokoni naye ni "we Masai". Wenye nyumba wangeshangaa kuambiwa hiyo ni dharau, kwa sababu wanampenda, wanampa chakula na nguo za Krismasi. Ni wema ule ule wa mwenye ng'ombe 200 kwa mhunzi.

Na ndani ya boma lenyewe, kijana aliyeitwa "we Masai" mjini anarudi nyumbani na kukuta dada yake haitwi kwenye kikao cha wazee kinachozungumzia ardhi. Haoni ajabu. Wanawake wa Ngorongoro wamelazimika kujitengenezea mahali pa kusemea: mwaka 1997 lilianzishwa Baraza la Wanawake Wafugaji, Maanda Ngoitiko akiwa miongoni mwa waanzilishi, likasomesha wasichana na kuwasaidia akina mama kupata mifugo na ardhi kwa majina yao. Mwaka 2010 wanawake wa Loliondo walikusanyika na kurudisha kadi za chama tawala kwa ajili ya ardhi. Waliosema mwanamke hana neno kwenye mambo ya ardhi siku hiyo walinyamaza wakamsikiliza.

Sotoka iliposawazisha

Kuna sura moja ya historia ambayo wazee wa Kimasai huiita emutai, maangamizi. Kuanzia mwaka 1890 hivi, sotoka ilipita Afrika Mashariki na kuua ng'ombe karibu wote, ikifuatwa na ndui na njaa. Watu waliojiita wenye ng'ombe wa Mungu walibaki bila hata ndama. Wengi walikufa. Wengi wa waliopona walipona kwa sababu walikimbilia kwa wale waliowadharau: kwa wakulima waliokuwa na nafaka, na kwa wawindaji waliojua kuishi bila mfugo. Waliolewa huko, wakalea watoto huko, wakala nyama ya porini ambayo jana waliicheka. Mifugo ilipozaana tena, walirudi kuwa Wamasai wenye ng'ombe.

Maana yake ni kwamba mtorobo na Mmasai hawakuwa damu mbili. Mara nyingi walikuwa mtu yule yule katika misimu miwili, wa mvua na wa ukame. Miongoni mwa wanaolitamka leo neno iltorobo kwa dharau wapo ambao babu zao waliokolewa na watu wa jina hilo. Hadithi ya ukanda wa ngozi husimuliwa sana kando ya moto; ya waliopokelewa wakati wa emutai inastahili kusimuliwa vivyo hivyo.

Yanayoanzia nyumbani

Mwanasaikolojia Gordon Allport, katika kitabu chake cha mwaka 1954, alieleza kwamba kukutana tu hakutoshi kuondoa dharau. Watu huweza kuuziana asali na mikuki kwa miaka 200 na dharau ikabaki pale pale. Alisema kukutana husaidia pale watu wanapokuwa sawa katika jambo hilo, wana lengo moja, wanashirikiana kulifikia, na wenye mamlaka wanaliunga mkono.

Dawati la shule linaweza kuwa mahali pa namna hiyo. Katika sekondari za bweni za Loliondo, mtoto wa Kipurko, wa Kilaitayok, wa Kibatemi na wa mhunzi huvaa sare moja, hufagia bweni moja na kusubiri matokeo ya mtihani mmoja. Timu ya mpira haiulizi olosho. Lakini shule hurudisha watoto nyumbani likizo, na kinachosemwa nyumbani ndicho huamua kama urafiki wa bweni utafika kwenye harusi.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mzazi wa Soitsambu anayemwambia mwanawe nani aliufua mkuki wa babu yake amemfundisha shukrani. Mzazi wa mjini anayemfundisha mtoto wake kumwita mlinzi kwa jina lake, na kumwamkia kama wakubwa wengine, amefanya kazi hiyo hiyo. Baba anayemketisha binti yake kwenye mazungumzo ya ardhi ya familia amefanya zaidi, maana amegawa kitu ambacho kilikuwa chake peke yake.

Na hapo ndipo penye uzito. Kuacha matusi ni rahisi, hakumpunguzii mtu chochote. Kipimo ni pale haki inapodai sehemu ya kile ambacho kundi limezoea kukiita chake: posa inapoletwa na mtu wa nyumba iliyodharauliwa, zamu ya maji inapogawanywa, kiti cha kijiji kinapogombewa na wa ukoo mdogo. Katika siku hizo familia hujua imelea nini. Mhunzi naye, aliyekuwa akingoja kimya kando ya mivukuto, hujua kama miaka yote alikuwa jirani au alikuwa fundi tu.